Maswali ya Wasomaji: Ndege wa Mwambao wa Kusini, Kamera na Maji ya Bahari

Katika toleo lililopita tulichapisha picha za ndege wa pwani zilizopigwa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na barua zilizotufikia baada ya hapo zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wasomaji wengi wa Mtwara na Lindi, na tumezifupisha bila kubadili maana.

Nikifika nakuta mchanga mtupu

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa Shangani, Mtwara Mjini. Mjomba ameniazima kamera yenye lenzi ya milimita 300. Nimekwenda Msimbati mara kadhaa siku za mwezi mpevu, nikiondoka alfajiri kwa bodaboda, lakini ikifika saa nne maji yamekwisha kupwa na ndege wako mbali kabisa, wanaonekana kama nukta. Nikiwafuata kwa miguu, wanaruka. Je, nitafute fedha ninunue lenzi kubwa zaidi?*

Marahaba, mwanangu. Usitafute fedha za lenzi, kwa sababu hata mwenye lenzi ya milimita 600 akisimama mahali uliposimama wewe, saa hiyo hiyo, atarudi nyumbani na nukta zilizo kubwa kidogo tu. Ndege wa pwani hawaongozwi na jua, wanaongozwa na maji. Maji yanapokupwa, hutawanyika juu ya tope na mchanga kutafuta kaa, minyoo na konokono, na eneo linalokauka huko Msimbati huwa pana kiasi kwamba hakuna sababu ya ndege yeyote kula karibu na binadamu. Maji yanapojaa, chakula chao hufunikwa, nao husogea wenyewe kidogo kidogo kuelekea nchi kavu, mpaka wabanane kwenye ukanda mwembamba wa mchanga uliobaki au kwenye matawi ya mikoko. Kazi ya mpiga picha ni kuwa amekwisha kukaa mahali pake kabla hawajafika.

Siku ulizochagua ni za bamvua, ambalo hutokea mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hufikia kilele chake siku moja au mbili baadaye. Katika mwambao wetu, siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na ndiyo maana wakati huo unawakuta akina mama wakishuka kuchokoa pweza. Kisha hujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri au baadaye kidogo. Tofauti kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na saa zake hugeuka, kiasi kwamba maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri. Kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa takribani dakika 50, mtu anayejua tarehe ya mwezi anaweza kukisia saa za maji bila jedwali lolote. Wavuvi wa Msimbati na Mikindani hufanya hivyo maisha yao yote, na ningependa uwaulize wao kabla ya kuiuliza simu yako.

Sasa tazama neema uliyo nayo bila kuijua. Siku zile zile za bamvua ulizokuwa ukirudi mikono mitupu, maji hujaa wakati jua linaanza kulala na mwanga umepoteza ukali wake, na ukikaa kwenye ufuko unaotazama mashariki, jua linakuwa mgongoni mwako na usoni mwa ndege. Adhuhuri ni kinyume chake: mchanga uliopata joto hutoa mazigazi, hewa hutetemeka, na picha hutoka kama iliyopigwa kupitia maji hata ukiwa na kamera ya bei kubwa namna gani.

Kwa hiyo fika saa nane mchana. Tafuta mstari wa mwani na vijiti ulioachwa na maji ya jana yake, kwa maana huo ndio unaokuonyesha maji ya leo yatakomea wapi, kisha ukae juu zaidi ya mstari huo, mgongo wako ukiwa kwenye kichaka ili umbo lako lisionekane dhidi ya anga. Vaa rangi za mchanga au majani makavu. Lala kifudifudi kama unaweza, lenzi ikiwa karibu na ardhi, kwa kuwa picha ya ndege iliyopigwa kwa kumtazama kutoka juu mara nyingi humfanya aonekane kama kitu kilichoangushwa mchangani. Baada ya hapo usisogee tena mpaka maji yageuke.

Watakuja kwa zamu. Sululu, wenye midomo mirefu iliyopinda kuelekea chini, huacha kula mapema na kupaa kwenda kutua juu ya mikoko. Vitwitwi wadogo hawakubali kushindwa upesi. Hukimbia ukingoni mwa wimbi wakidonoa, wimbi likija wanarudi nyuma, likiondoka wanalifuata, na watafanya hivyo mita chache kutoka kwako ikiwa umetulia. Ukijaliwa, watafika pia wale ambao mimi nawahesabu kuwa fahari ya mwambao huu, yaani ndege mla kaa, ambaye wataalamu humwita *Dromas ardeola*. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu inayoelekea buluu, na domo jeusi nene kupita kiasi kwa mwili wake. Mtazame anavyowinda: anasimama kimya, kichwa ameinamisha kidogo; anapiga hatua nne tano za haraka; anasimama tena; kisha domo linashuka mara moja. Kaa mdogo humezwa mzima, mkubwa huvunjwavunjwa kwanza. Pembeni yake mara nyingi utamwona kinda wa mwaka huo, mwenye rangi ya kijivu mahali ambapo mzazi ana rangi nyeusi, akimfuata na kulia ili alishwe.

Kinda huyo amefika hapa kwa mabawa yake mwenyewe kutoka kaskazini. Ndege mla kaa hutaga kwenye fukwe na visiwa vya Uarabuni, Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na Somalia, kuanzia mnamo Aprili hadi Agosti, na tofauti na ndege wengine wa jamii ya karibu naye, huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, ambalo joto la mchanga husaidia kuliatamia. Ukijua hayo, utaelewa kwa nini mzazi hamwachi mwanawe hata baada ya safari yote hiyo: hana mwingine wa mwaka huo.

Kuhusu kamera, weka kasi ya shata kwenye 1/1600 ya sekunde au kasi zaidi ya hapo kwa ndege wanaokimbia na kuruka, upenyo wa lenzi f/5.6 hadi f/8, na uiache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe. Lenzi ya mjomba inatosha.

Klabu ya wanafunzi isiyo na kamera

*Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Lindi. Wanafunzi wangu wanataka kuanzisha klabu ya kutazama ndege, lakini shule haina kamera wala fedha za kukodi gari la kwenda hifadhini. Tuanzie wapi?*

Mwalimu, anzieni mjini kwenu. Lindi imekaa kwenye ghuba inayopokea maji ya mto Lukuledi, na mahali popote mto unapokutana na bahari kwa upole, tope hutulia, mikoko huota na ndege hupata chakula. Ukisimama ufukweni maji yakiwa yanakupwa, bila kulipa nauli yoyote, utawaonyesha wanafunzi yangeyange, koikoi, sululu na vitwitwi kwa saa moja. Siku mtakayopata usafiri, nendeni Ziwa Rutamba, lililo jirani na msitu wa Litipo, ambako ndege wa maji baridi na ndege wa msituni wanakaribiana kwa namna ambayo si rahisi kuipata kwingine mkoani.

Msianze na kamera hata mkipewa ya bure. Mwanafunzi aliyeshika kamera hutazama kioo cha kamera, na aliyeshika daftari humtazama ndege. Mkiweza kuchangishana, nunueni darubini moja ya macho mawili yenye namba 8x42. Namba ya kwanza huonyesha kitu kinakuzwa mara ngapi, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani kiasi cha mwanga unaoingia. Mtaani mtaonyeshwa darubini zilizoandikwa 20x50 na kuambiwa kwamba ni bora kwa kuwa zinakuza zaidi. Mziache, kwa sababu kila kinachokuza ndege hukuza pia mtikisiko wa mkono, na kwa ukuzaji wa mara 20 mkono mtupu hauwezi kumtuliza ndege kwenye kioo. Siku mkitaka picha ya kumbukumbu, simu ikibandikwa vizuri kwenye jicho moja la darubini hutoa picha inayotosha kumtambua ndege.

Wafundisheni watoto kutazama kwa utaratibu: kwanza domo, kwa maana domo ndilo linalosema ndege anakula nini na anakipata wapi, pili namna anavyotembea na kula, rangi iwe ya mwisho, kwa sababu ndege wengi wa pwani hubadili manyoya kwa majira. Chukueni mfano wa mdiria wa mikoko. Wapo mdiria wawili wanaofanana sana, wote wenye mabawa ya buluu, lakini mdiria wa mikoko ana domo jekundu lote, juu na chini, ilhali mwenzake wa porini ana jekundu juu na jeusi chini. Mwanafunzi aliyezoea kuanza na domo hatakosea, na yule aliyeanza na rangi ya mabawa atabishana na wenzake mpaka kengele ya kurudi darasani.

Andikeni kila siku ya kutazama: tarehe, mahali, saa, hali ya maji, aina na idadi. Kila Januari ndege wa maji huhesabiwa katika nchi nyingi kwa pamoja, kazi ambayo duniani ilianza mwaka 1967 na sasa inaratibiwa na shirika la Wetlands International, na daftari la shule lililojazwa kwa uaminifu lina nafasi yake humo. Wasilianeni na chama cha Nature Tanzania, ambacho ni mshirika wa BirdLife International hapa nchini. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na waliokwenda kuwahesabu kusini ni wachache kuliko waliokwenda kaskazini. Wanafunzi wako wanaweza kuandika jambo ambalo halijaandikwa.

Yangeyange anatoka kama doa

*Kila nikimpiga picha yangeyange anatoka mweupe mtupu, manyoya hayaonekani. Kamera ina kasoro? — Msomaji, Masasi*

Haina kasoro. Kamera hupima mwanga wa eneo zima, na ikiona tope jeusi limejaa kwenye picha hudhani kwamba kuna giza, basi huongeza mwanga, na ndege mweupe aliye katikati huungua. Punguza fidia ya mwanga, yaani kile kipimo cha +/- cha kamera, kwa theluthi mbili hadi hatua moja kamili chini ya sifuri. Tope litakuwa jeusi zaidi, lakini manyoya yatarudi. Kwenye simu, gusa ndege kwenye kioo kisha uteremshe alama ya jua. Ndege akiwa angani fanya kinyume, ongeza, la sivyo atatoka kivuli.

Wageni wanaotaka ndege warushwe

*Ninaongoza wageni kwa boti kwenye mikoko ya Kilwa. Baadhi yao humwambia nahodha aelekeze boti katikati ya kundi la ndege waliotua ili wapate picha za ndege wakiruka wote kwa pamoja. Nikikataa, wananuna na bakshishi inapotea. Je, kweli kuna madhara, au mimi ndiye ninayezidisha? — Dada wa Kilwa Masoko*

Dada yangu, huzidishi hata kidogo, na nimefurahi kwamba umeuliza hadharani kwa sababu wenzako wengi wanakutana na jambo hilo hilo.

Ndege waliotua pamoja wakati maji yamejaa hawajakaa bure. Chakula chao kimefunikwa, na wana saa chache za kupumzika na kuyeyusha walichokula kabla maji hayajapwa tena. Wengi wao ni wasafiri waliokuja kutoka nyanda za baridi za kaskazini mwa Siberia, na wanaondoka kati ya Machi na Aprili kurudi huko kuzaa. Kabla ya kuondoka hula kwa bidii ili wajaze mafuta mwilini, na baadhi yao huongeza uzito mpaka wakaribie mara mbili ya uzito wao wa kawaida, kwa kuwa mafuta hayo ndiyo chakula pekee watakachokuwa nacho angani. Kila wanaporushwa, sehemu ya akiba hiyo inateketea. Boti moja ikiwarusha mara moja watafidia. Boti tatu zikiwarusha kila alasiri kwa wiki nzima, wapo watakaoondoka wakiwa pungufu, na upungufu huo hauonekani Kilwa bali hudhihirika juu ya bahari.

Ubaya ni kwamba majira yenye madhara makubwa ndiyo yenye picha nzuri zaidi. Mwezi Aprili kitwitwi ambaye tangu Septemba alikuwa wa kijivu huanza kuwa mwekundu kama udongo wa tofali kifuani, na wengine huwa weusi tumboni, kwa kuwa wanavaa mavazi ya kuzalia. Ndiyo miezi ambayo mgeni mwenye kamera atakusihi zaidi, na ndiyo miezi ambayo unapaswa kuwa imara zaidi.

Mwambie mgeni mapema, boti ikiwa bado gatini, si wakati ameshainua kamera. Mweleze kwamba eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliorodheshwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na kwamba kupumzika kwa ndege hao ni sehemu ya sababu ya kuorodheshwa kwake. Kisha umpe njia nyingine, maana mtu aliyelipa nauli hapendi kuambiwa hapana peke yake. Ndege huruka wenyewe. Huruka maji yanapoanza kugeuka na mchanga wa kwanza kuchomoza, huruka kipanga anapopita, na huruka kundi jingine linapokuja kutua. Mfunge boti upande ambao jua liko mgongoni, mzime mashine, mkae kimya nusu saa kabla ya maji kugeuka. Picha ya ndege wanaoruka kwa hiari yao huwa na mpangilio; kundi lililorushwa kwa hofu huonyesha mikia na migongo, kwa sababu wanamkimbia mpiga picha. Hoja hiyo ya mwisho, nakuhakikishia, inawagusa wapiga picha kuliko zote.

Mfundishe pia nahodha dalili ya kusimama. Ndege wakiacha kujisafisha manyoya, wakainua shingo zote kwa pamoja, boti imewakaribia mno tayari. Arudi nyuma polepole.

Ndege mwenye pete mguuni

*Wavu wangu umenasa ndege mdogo mwenye pete ya chuma yenye maandishi. Alikuwa hai, nikamwachia. Nilipaswa kufanya nini? — Mvuvi, Mikindani*

Ulifanya lililo kuu. Safari nyingine, kabla ya kumwachia, piga picha pete kwa kuizungusha ili namba zote na anwani zisomeke, wala usiitoe mguuni. Andika tarehe na mahali, kisha utume taarifa kwa anwani iliyochorwa kwenye pete yenyewe. Kama ndege amekufa, toa pete na uihifadhi. Ndege wengine hufungwa kibendera cha rangi chenye herufi, ambacho lenzi nzuri inaweza kukisoma kutoka mbali bila mtu yeyote kumgusa ndege.

Taarifa kama yako ndiyo iliyojenga elimu tuliyo nayo kuhusu safari za ndege, na siku hizi huongezewa vifaa vinavyofuatiliwa na setelaiti. Mwaka 2007 ndege mmoja wa pwani wa aina ya *Limosa lapponica*, aliyepewa alama E7, alifuatiliwa akivuka kutoka Alaska hadi New Zealand, zaidi ya kilomita 11,000, kwa siku kama 8 bila kutua popote. Ndege wa aina hiyo hupita pia katika fukwe za Afrika Mashariki.

Vibali, droni na mpaka

*Nataka kwenda na droni kupiga picha maingilio ya Ruvuma kutoka juu. Natakiwa kuwa na vibali gani?*

Maingilio hayo yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambayo ilianzishwa mwaka 2000, ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 650, na inaendeshwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Kuna kiingilio, na anayepiga picha za biashara aulize masharti yake katika ofisi ya hifadhi kabla ya safari. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, pamoja na idhini ya hifadhi yenyewe. Usiende nayo ukitegemea kuomba radhi baadaye.

Kuna mambo mawili yanayolifanya eneo hili kuwa tofauti na mbuga nyingine. Mto Ruvuma ni mpaka wetu na Msumbiji, na vyombo vya ulinzi vina kila sababu ya kumuuliza mtu aliyelala kichakani na lenzi ndefu anafanya nini hapo. Pita kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, ujitambulishe, na utembee na mwenyeji. Vilevile Msimbati na Madimba kuna visima na mitambo ya gesi asilia, nayo haipigwi picha, hata kama ndege mzuri kuliko wote ametua juu ya uzio wake.

Kwa maoni yangu, hata ukipata vibali vyote, droni iache nyumbani. Kwa kitwitwi aliye mchangani, kitu kinachoelea juu bila kupiga mabawa ni kipanga, na hakuna kibali kinachoweza kumweleza vinginevyo. Na ukiwa mtoni, usikae ukingoni kupiga picha. Ruvuma ina mamba na viboko.

Kuvu kwenye lenzi

*Lenzi yangu imeota kama utando wa buibui ndani. Watu wanasema niiweke kwenye mchele.*

Huo ni kuvu, na mchele hautauondoa. Utakuongezea vumbi tu. Mpelekee fundi anayefungua lenzi mapema, kabla kuvu haijala rangi ya kinga iliyo juu ya kioo. Ili isirudi, hifadhi kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvikaushe au kuvibadilisha mara kwa mara. Kila ukitoka pwani, futa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu. Hewa ya kaskazi hubeba chumvi mbali zaidi ya unavyodhani.

Ndege kwenye mashamba ya chumvi

*Nina majaruba ya chumvi karibu na mji wa Lindi. Maji ya bahari yakijaa, ndege kwa mamia huja kutua kwenye matuta yangu. Vijana wenye kamera wameanza kuja kuomba kuingia. Je, ndege hao wananiharibia chumvi, na je, ninaweza kupata chochote kutokana na wageni hao? Mimi ni mzee wa miaka mingi katika kazi hii.*

Shikamoo mzee wangu. Hawakuharibii. Kwenye majaruba ya mwanzo, ambako maji bado hayajakolea, huishi wadudu na vidudu vya majini ambavyo ndege hula. Kwenye majaruba ya mwisho, ambako chumvi inaganda, hakuna cha kula na hawana haja napo. Wanachokifuata zaidi kwako ni matuta makavu ambayo maji ya bamvua hayayafikii, na hivyo wewe, bila kujua, umekuwa ukiwapa malazi ambayo ufuko hauwezi kuwapa siku hizo.

Kazi yako na majira yao havigongani sana. Chumvi huvunwa wakati wa kiangazi, na mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, hadi Aprili, majaruba hutulia, na hiyo ndiyo miezi ambayo ndege wengi wa kaskazini wako hapa. Kwa hiyo unaweza kupokea wapiga picha wakati ambao shamba halikuingizii kitu, ukatoza ada ndogo kwa kila mmoja, mradi ujue kwamba wanacholipia ni utulivu wa ndege, na ndege wakihama biashara imekwisha.

Chagua tuta moja au mawili wanayoyapenda zaidi, na uamuru kwamba hakuna anayeyakanyaga maji yakiwa yamejaa, awe kibarua, mgeni au mbwa. Kisha ujenge kibanda cha fito na makuti kwenye tuta la jirani, chenye nafasi ya watu watatu au wanne, ukikielekeza mashariki kwa sababu wateja wako watakuja alasiri. Matundu ya kamera yawe mawili: la juu kwa aliyekaa kwenye kigoda, na la chini, karibu kabisa na ardhi, kwa aliyelala. Usikate mikoko kwa ajili ya fito hizo. Mikoko yote ya mwambao ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Wageni waingie kibandani saa mbili kabla ya maji kujaa na wasitoke mpaka ndege wawe wameondoka wenyewe kufuata maji yanayopwa. Ukijenga sasa, kabla ya Septemba, ndege watakaporudi watakikuta kibanda kikiwa sehemu ya shamba na hawatakiogopa.